Waraka wa Wazi kwa Wanaokusudia Kutufungia Dira za Maji za Malipo ya Kabla

Kwa Wizara ya Maji. Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kwa Shirika la Viwango Tanzania. Kwa Wakala wa Vipimo. Na kwa wahandisi wote wa mamlaka za maji.

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa faraghani baina ya mnunuzi na muuzaji, katika nyaraka ambazo mwananchi hazioni; nalo ni namna dira za maji za malipo ya kabla zitakavyojaribiwa kabla hazijafungwa katika nyua zetu. Serikali imekwisha kutangaza nia ya kuzieneza dira hizo, na baadhi ya mamlaka zimekwisha kuanza, Iringa ikiwa miongoni mwa zilizotangulia. Sina hoja ya kuipinga nia hiyo, maana bili ya kukisia imewaudhi wengi, nami ningependa kulipia maji niliyoyaona kwa macho yangu yakitoka bombani. Ninachotaka kusema ni kwamba dira ya namna hii ni mtambo wa mawasiliano uliovikwa umbo la dira, na mtambo wa mawasiliano haumaliziki kujaribiwa kwa kupitishiwa maji.

Nchi hii ina desturi njema ya kupima vipimo. Wakala wa Vipimo huzikagua dira za maji katika kituo chake cha Misugusugu, Kibaha, ili lita inayosomwa usoni pa dira iwe ndiyo lita iliyopita ndani yake, na kazi hiyo ni ya haki wala haina badala. Lakini fikirini dira iliyofaulu mtihani huo wote, ikafungwa ukutani kwa mjane mmoja wa hapa Mabogini, Moshi Vijijini, kisha asubuhi moja ikaikataa tokeni halali aliyoilipia: lita zake ni sahihi, shaba yake ni safi, lakiri yake haijavunjwa, na ndoo ya mjane ni tupu. Dira hiyo haina kosa katika kupima. Kosa lake ni katika kusikia, na kusikia kwa dira ni jambo ambalo aghalabu huachiwa muuzaji atutolee shahada yeye mwenyewe.

Maana tazameni safari ya shilingi elfu mbili anazolipa mjane huyo. Atabonyeza simu, kampuni ya simu itapeleka habari, mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, utaipokea na kuipitisha, seva ya mamlaka ya maji itaitambua dira, itakokotoa kiasi, itatunga tokeni na kuirudisha kwa njia ile ile, kisha ama mjane ataibonyeza kwa kidole chake, ama dira itaipokea yenyewe kwa redio. Katika kila kituo cha safari hiyo mitambo miwili husemezana kwa itifaki, yaani mapatano ya nani aanze kusema, aseme kwa utaratibu gani, na mwenzake ajibu nini. Sisi wa Mlima Kilimanjaro tuliyafahamu mapatano ya namna hiyo kabla hatujaiona kompyuta. Katika mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga huko juu, na katika mifereji ya skimu ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani ikakamilika mwaka 1987, maji huenda kwa zamu. Na kila mkulima wa mpunga hapa Mabogini anajua kwamba kanuni ya zamu haipimwi siku ya neema, mto umejaa na kila jaruba limeshiba, bali hupimwa siku ambayo wa juu amefungua lango nje ya saa yake, aliyetumwa kuleta habari hakufika, na wa chini hajui kama zamu yake imeahirishwa au imeliwa. Kanuni isiyotaja la kufanya siku hiyo ni nusu ya kanuni, na mpango wa majaribio usioigiza siku hiyo ni nusu ya mpango.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni LUKU, umeme wetu wa malipo ya kabla, nami nitakaa juu yake kidogo kwa sababu una mafunzo mengi. Zile tarakimu 20 tunazozibonyeza kwenye mita ya umeme ni ujumbe kamili wa itifaki iitwayo STS, iliyozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya tisini na baadaye ikawa kiwango cha kimataifa kwa jina la IEC 62055-41. Na ajabu yake ni kwamba waya wa mwisho wa itifaki hiyo ni kidole cha mwanadamu. Ndani ya tarakimu hizo 20 mna biti 66. Mbili hutaja jamii ya ujumbe. 64 zilizosalia hufichwa kwa ufunguo ulio wa mita hiyo peke yake, na katika hizo, tokeni ikiwa ni ya kununua umeme, biti 16 ni kiasi kilichonunuliwa, 16 ni za kukagua kama ujumbe umeharibika, nane zimegawanywa baina ya aina ya huduma na namba ya kubahatisha, na 24 ni wakati tokeni ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka nyakati za tokeni ilizokwisha kupokea. Ikiletewa ile ile mara ya pili, au iliyo ya kale kuliko zote inazozikumbuka, huikataa, na kwa hila hiyo ndogo hakuna awezaye kulipa mara moja akala mara mbili.

Sasa biti 24 huweza kuhesabu dakika 16,777,216, wala haziongezeki hata moja. Anayetaka azigawanye kwa siku na kwa miaka, naye atafika tarehe 24 Novemba 2024, jioni. Baada ya dakika hiyo hesabu hurudi sifuri, na mita isiyotayarishwa huiona tokeni ya leo kuwa ya kale kuliko ya jana, ikaikataa kwa unyofu kamili, maana ndivyo ilivyoamriwa. Ndiyo sababu katika mwaka 2024 shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja waingize makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kwanza yalibeba ufunguo mpya, ambao kwa huo mita ilianza kuhesabu upya tangu mwaka 2014, na la tatu lilikuwa umeme wenyewe. Wengi walinung'unika kwa kubonyeza tarakimu 60, na wazee wengine waliomba wajukuu wawabonyezee; lakini taa za Moshi hazikuzimika tarehe 25 Novemba, na mimi nawapa haki yao wote waliolisimamia jambo hilo, maana kazi ya namna hii ikifanywa vyema haionekani, na isiyoonekana haipewi shukrani.

Lakini tusiondoke hapo upesi. Tarehe hiyo haikuwa siri. Mtu mwenye penseli angeweza kuipata tangu siku itifaki ilipoandikwa, na mtambo wowote ungeweza kujaribiwa alasiri moja tu katika chumba cha majaribio, kwa kuisogeza saa ya seva mpaka dakika ya mwisho, kutoa tokeni moja kabla yake na moja baada yake, na kutazama mita inasema nini. Nawauliza basi: dira za maji mnazokusudia kununua zina vihesabu gani ndani yake, kila kimoja kina biti ngapi, na kitajaa lini? Baadhi ya dira zilizoko sokoni hutumia tarakimu 20 kama LUKU. Nyingine husema kwa redio na huhesabu kila ujumbe zinaoutuma. Kihesabu cha biti 16 katika dira inayotuma ujumbe kila saa hujaa baada ya takriban miaka saba na nusu, nao ni muda ambao fundi aliyeifunga amekwisha kuhamishwa, mzabuni amekwisha kulipwa, na dhamana imekwisha kupita. Na betri ikibadilishwa, je, kihesabu huendelea pale kilipoachia au huanza sifuri? Kikianza sifuri, na seva ikaamini kwamba namba ndogo ni ujumbe wa kale uliorudiwa na mwizi, dira hiyo itasema peke yake usiku na mchana pasipo mtu wa kuisikiliza. Maswali kama haya hayahitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo, yanahitaji tu yaandikwe mapema katika karatasi ambayo muuzaji hana budi kuijibu.

Yuko atakayesema kwamba ikiwa kila mtambo umejaribiwa peke yake ukaonekana mzima, basi mitambo yote kwa jumla ni mizima. Historia inamkanusha. Tarehe 27 Oktoba 1980 mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET, babu wa intaneti tunayoitumia leo, ulikwama kwa saa kadhaa. Katika mtandao huo kila mtambo ulikuwa ukitangaza hali yake kwa jumbe zenye namba za mfuatano kuanzia 0 hadi 63, na namba zilipomalizika zilianza tena, kwa hiyo ilikuwapo kanuni ya kuamua ni ipi mpya na ipi ya kale. Hitilafu ya vifaa ilidondosha biti katika kumbukumbu ya mtambo mmoja, na kutokana nayo tangazo la mtambo mmoja likawa matatu: namba 8, namba 40 na namba 44. Kwa kanuni ile, 40 ilikuwa mpya kuliko 8, 44 ilikuwa mpya kuliko 40, na 8, kwa kuwa namba huzunguka, ilikuwa mpya kuliko 44. Kila mtambo ulipokea, ukatii, ukapitisha kwa jirani, na jirani akarudisha, mpaka mtandao mzima haukuwa na nafasi ya kazi nyingine yoyote. Eric Rosen, aliyeandika taarifa ya mkasa huo mwaka 1981, alionyesha kwamba ujumbe ulikuwa ukikaguliwa unapopita njiani, lakini ukiisha kutua ndani ya kumbukumbu haukukaguliwa tena. Hapakuwa na mtambo hata mmoja uliovunja kanuni katika kueneza balaa hilo; wote walikuwa watiifu, na utiifu wao ndio uliolieneza.

Niteremke kutoka Marekani nirudi hapa kwetu tambarare, penye jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni ukawivu. Wanaopanga majaribio hupenda kuuliza: mtandao ukikatika itakuwaje? Ni swali zuri, lakini mtandao uliokatika ni adui wa dhahiri. Aliye hatari ni mtandao unaochelewa, unaopokea ombi na kulishika, ukajibu baada ya aliyeomba kukata tamaa. Jirani yangu mmoja alilipia huduma fulani kwa simu usiku wa mvua za masika, akaona salio limepungua na tokeni haikuja. Akangoja, akalipa tena. Asubuhi zikamfikia tokeni mbili, naye hakuwa amepanga kununua za mwezi mzima. Mwenzake katika hali ile ile alipata jumbe mbili za kukatwa pesa na tokeni moja. Wote wawili waliambiwa wapige simu huduma kwa wateja. Ukitazama ndani, ugonjwa ni mmoja: ombi lililorudiwa halikutambuliwa kuwa ni lile lile. Tiba yake inajulikana, kwamba kila ombi lipewe namba yake ya kumbukumbu, na seva ikiletewa namba ile ile mara ya pili irudishe jibu lile lile la kwanza bila kutoza wala kutoa upya. Lakini kujulikana kwa tiba si ithibati kwamba mgonjwa ameinywa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, intaneti yetu ilidorora kwa siku kadhaa, tukaona wenyewe hali halisi ya mawasiliano yanayokwenda kwa kusuasua. Siku kama hizo zinaweza kutengenezwa kwa makusudi katika chumba cha majaribio: pakiti zicheleweshwe sekunde 30, nyingine zipotezwe, nyingine zifike mara mbili, nyingine zipitane njiani, na mwisho wa siku hesabu ya pesa zilizokatwa ilinganishwe na hesabu ya tokeni zilizotolewa, mstari kwa mstari. Hesabu hizo zisipolingana hata kwa shilingi moja, dira zisivuke lango la bandari.

Juu ya ujumbe mbaya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wahandisi wenu wanalijua jambo hilo. Februari 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Finland, walizipelekea jumbe zilizopotoshwa kwa makusudi programu za itifaki ya SNMP, inayotumika kusimamia mitambo ya mitandao, na bidhaa za makampuni mengi yenye majina makubwa zikaanguka au zikafunguka kwa maadui. Aprili 2014 dunia ikasikia habari ya Heartbleed: programu ya OpenSSL ilikuwa ikiombwa irudishe neno, ikaambiwa neno hilo ni refu kuliko lilivyo, nayo ikarudisha urefu ulioombwa kwa kuchota chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake, nywila za watu zikiwamo. Kosa hilo lilikaa miaka miwili hadharani, katika programu ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Dira iliyofungwa nje ya nyumba, inayofikiwa na kila mpita njia na kila mtoto mwenye muda wa kuchezea vitufe, haiwezi kujaribiwa kwa tokeni sahihi pekee.

Ni mpango gani basi ninaouomba? Kwanza uandikwe kabla ya zabuni kutangazwa, uwe sehemu ya zabuni, maana jaribio linalobuniwa baada ya kununua hukatwa kwa umbo la kitu kilichonunuliwa. Hati ya itifaki isomwe kwa kalamu mkononi, na kila penye neno la sharti, kila panaposemwa kwamba mtambo lazima ufanye hivi au usifanye vile, liandikwe jaribio lake lenye namba, lenye jibu linalotarajiwa, na lenye jina la atakayeliona kwa macho na kutia sahihi. Sharti lisilo na jaribio lijulikane kuwa halina, lisifichwe katika fungu la mambo yaliyofaulu kwa jumla. Katika utaratibu wake wa mwaka 1996 jumuiya ya IETF, ambayo huandika kanuni za intaneti, iliweka kwamba kanuni haipandi daraja mpaka zipatikane angalau programu mbili, zilizotungwa na watu mbalimbali, zikaelewana. Nami natamani sharti hilo lingeingia katika manunuzi yetu, dira za watengenezaji wawili wasiojuana zikitakiwa kuelewana na seva moja, ili mamlaka isije ikawa mateka wa mtengenezaji mmoja kwa miaka ishirini. Na muuzaji asiwe ndiye mtahini wa bidhaa yake. Shirika la Viwango lina maabara, vyuo vyetu vina vijana waliosomea mawasiliano, na gharama ya kuwapa kazi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuwatuma mafundi mlango kwa mlango kutoka Mabogini hadi Marangu wakizifungua dira moja moja. Kadhalika programu ya seva au ya dira ikibadilishwa, hata kwa mstari mmoja, majaribio yote yarudiwe. Aghalabu madhara hutokana na marekebisho madogo yaliyopitishwa Ijumaa jioni.

Nalijua jawabu linalonisubiri: kwamba wananchi wanangoja huduma, kwamba fedha ya mradi ina mwisho wake, na kwamba majaribio ya namna hii yatachelewesha. Ni kweli yatachelewesha. Lakini fedha ya mradi ikiisha huwa imekwisha, na dira iliyokwisha kufungwa hubaki mahali pake. Atakayebeba tofauti ya hapo ni yule mwenye ndoo. Fauka ya hayo, maji si umeme. Mtu aliyekosa umeme huwasha kibatari akalala. Aliyekosa maji kwa sababu mitambo miwili haikuelewana atakwenda kuyachota mferejini, katika mfereji ule ule unaopita katikati ya mashamba yaliyonyunyiziwa dawa.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. EWURA isiidhinishe mradi wowote wa dira za malipo ya kabla ambao mpango wake wa majaribio haujachapishwa pamoja na matokeo yake, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo wakae meza moja, waamue ni nani kati yao atakayeulizwa juu ya itifaki ya dira, maana leo nikileta malalamiko sijui niyapeleke mlango gani. Na kabla ya kufunga dira kwa maelfu, zifungeni chache huku kwetu tambarare wakati wa masika, penye joto, tope na mtandao wa kukatika, zikae msimu mzima wa mpunga, na daftari la kila tokeni iliyokataliwa liwekwe ofisi ya kata, mahali ambapo mwenye kutaka kulisoma atalisoma.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mkulima wa mpunga, Mabogini, Moshi Vijijini